Simu ya mkopo: kufuli, rejesho na hesabu isiyoandikwa kwenye bango

Jijini Mbeya, kuanzia Kabwe hadi Mwanjelwa, ni nadra kupita duka la simu lisilo na bango la mkopo. Toa kianzio, ondoka na simu janja, lipa kidogo kidogo kila siku. Iringa mjini ni hivyo hivyo, Makambako na Tunduma pia. Maoni nayo hayakosekani. Kwa dereva wa bodaboda pale Mafiati, simu hizi ni ukombozi, maana bila mkopo angekuwa bado anabonyeza kitochi. Kwa muuza ndizi aliyefungiwa simu siku ya mnada, ni utapeli mtupu. Wapo wanaoiita kausha damu iliyovaa kava, na wapo wanaoapa kwamba kampuni zinatufungia simu kwa setilaiti.

Kila mmoja ana kipande cha ukweli, isipokuwa huyo wa setilaiti. Ila mabishano hayafiki popote kwa sababu watu wanaita "mkopo wa simu" vitu vitatu visivyofanana.

Kuna mikopo ya fedha inayotolewa na programu unazopakua mwenyewe. Hapo dhamana ni aibu yako: programu inasoma orodha ya majina kwenye simu, na ukichelewa kulipa, meseji zinaenda kwa shemeji, kwa mchungaji na kwa bosi wako. Hizo ndizo zilizoifanya Benki Kuu, Novemba 2024, itangaze hadharani orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuna mikopo ya mitandao ya simu, kama Nipige Tafu ya vocha au Songesha ya kukamilisha muamala, ambayo dhamana yake ni salio lako lijalo: hela ikiingia tu, deni linajikata. Halafu kuna simu yenyewe kuuzwa kwa awamu, na dhamana ni hiyo hiyo simu uliyoishika mkononi. Kausha damu halisi, ile iliyopigiwa kelele hadi bungeni, ni kitu cha nne kabisa: mkopeshaji wa fedha taslimu anayekusanya marejesho kwa wiki au kwa siku, na mama ntilie akikwama wanabeba hadi sufuria.

Hapa nazungumzia simu inayouzwa kwa awamu. Ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, na kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini ina kasoro moja ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuiona kirahisi.

Kufuli linakaa wapi

Wazo la kufungia kifaa kwa mbali halikuanza na simu. Vijiji vyetu vingi viliuonja utaratibu huu kwanza kwenye sola. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni kama M-KOPA ya Kenya na Off Grid Electric iliyoanzia Arusha zilianza kuuza umeme wa jua kwa malipo madogo madogo. Usipolipa, taa haziwaki. Kilichowezesha biashara hiyo ni pesa za mtandao. Kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, nani angepanda mlima hadi Kitulo kukusanya shilingi mia tano za jana? Gharama ya kumtuma mkusanyaji ingemeza rejesho lote. Mwaka 2020 Safaricom ya Kenya, kwa ushirikiano na Google, ilileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 za kule kwa siku, na tangu hapo simu za mkopo zimekuwa biashara ya kawaida Afrika Mashariki.

Kufuli lenyewe ni programu. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, Android ina cheo kinachoweza kupewa programu moja tu kwenye simu: usimamizi wa kifaa kizima. Kiliwekwa kwa ajili ya makampuni yanayowapa wafanyakazi simu za kazi, ili simu ikipotea au mfanyakazi akiondoka ofisini, mwajiri aweze kuifunga. Wauzaji wa mkopo wakaona hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Simu inasajiliwa dukani kabla hujaigusa, programu inapewa cheo, na kuanzia hapo huwezi kuiondoa wala kuizima. Samsung ina mfumo wake kwa kazi hiyo, Knox Guard, uliojengwa ndani zaidi.

Ukiielewa hiyo, imani nyingi za mtaani zinajibika zenyewe. Kutoa laini hakusaidii, kwa kuwa kufuli halipo kwenye laini. Kuifuta simu yote irudi kama mpya hakusaidii pia: inapowashwa upya inahitaji intaneti, inaulizia seva, yaani kompyuta ya kampuni, kwa namba zake za utambulisho, inajibiwa kwamba bado ina mwenyewe, na programu inarudi. Kuzima data usipatikane? Mifumo mingi ina hesabu ya siku ndani ya simu. Kila malipo yanaongeza siku. Siku zikiisha, simu inajifunga yenyewe hata kama uko bondeni ambako mtandao haujawahi kufika.

Hapo pana jambo linalowaumiza watu wa Umalila, Makete na Kilolo bila kosa lao. Mtu amelipa, meseji ya malipo anayo, lakini simu haifunguki. Analalamika ameibiwa. Mara nyingi pesa imefika, ila simu haijapata intaneti ya kupokea habari kwamba imefika. Dawa yake ni kuwashiwa hotispoti na jirani mwenye bando, au kupanda mahali penye mtandao, au kuomba namba ya kufungulia kama kampuni yako inatoa. Nikiulizwa, ningesema hili ndilo swali la kwanza la kuuliza dukani kwa yeyote anayeishi nje ya mji: simu ikifungwa na mimi sina data, inafunguliwaje?

Na ikifungwa, kilichofungwa ni nini? Kioo na programu. Simu za dharura kama 112 kwa kawaida bado zinapigika. Pesa yako haijafungwa. Watu wamewahi kuhangaika kutafuta elfu mbili ya kulipia simu huku wana elfu themanini kwenye akaunti ya mtandao wakidhani nayo imefungiwa ndani. Pesa ya mtandao inakaa kwenye mfumo wa kampuni ya simu na inafunguliwa na laini pamoja na namba yako ya siri. Chomoa laini, weka kwenye kitochi cha mtu unayemwamini, piga *150*00# au *150*01# au *150*60# kulingana na mtandao wako, endelea na maisha. WhatsApp nayo inahamia simu nyingine kwa namba inayokuja kwa meseji. Picha ndizo zinazobaki kifungoni, kama hukuwa umeziruhusu zihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Google.

Je, wanatusikiliza? Cheo cha usimamizi hakimpi mtu uwezo wa kusoma mazungumzo yako ya WhatsApp wala kusikiliza unavyomsengenya balozi wa nyumba kumi. Lakini kinaweza kuiruhusu programu, bila kukuuliza, ione mambo kadhaa, yakiwemo majina uliyohifadhi. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina maana hata kwa mtu wa kawaida: anayekusanya taarifa zako anatakiwa akueleze anakusanya nini na kwa kazi gani. Mkataba ukinyamaza kuhusu hilo, ulizia.

Mafundi nao wana lao. Utaambiwa "leta, tunaiflashi", yaani tunaipakia programu upya. Wengine wanaweza, kwa baadhi ya simu, kwa muda. Nyingine zinakufa kabisa zikabaki kioo cha kujitazamia. Na fundi akigusa IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ili simu isitambulike, mmeingia kwenye kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hata bila sheria, nchi hii ilishaonyesha kwamba IMEI si mchezo: usiku wa Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI bandia, na asubuhi yake wengi waliamka na tochi tu.

Lumbesa ya kila siku

Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

"Mama, ni buku na mia mbili tu kwa siku. Hela ya vitumbua hiyo."

"Jumla yake ni ngapi, mwanangu?"

"Jumla utaiona kwenye mkataba, mama. Wewe angalia hiyo ya siku."

Mtu wa Njombe au Mbeya Vijijini anaijua lumbesa. Gunia kwa jina ni moja, lakini juu yake limeshonewa kichwa kinachotosha kuwa gunia jingine, na mkulima analipwa kwa jina. Bei ya kwa siku inafanya kazi ile ile upande wa pili: unalipa kwa jina dogo, mzigo uko juu.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba ni zangu na si za duka lolote. Simu inauzwa taslimu shilingi 250,000. Kwa mkopo unatoa kianzio cha 60,000, halafu 1,200 kila siku kwa siku 365. Marejesho peke yake ni 438,000. Ongeza kianzio, umelipa 498,000 kwa simu ya laki mbili na nusu. Wengi wanaishia hapo na kusema "mara mbili". Lakini ulichokopeshwa si 250,000. Umekopeshwa 190,000, kwa kuwa 60,000 uliitoa mwenyewe siku ya kwanza. Siku ya 159 tayari umesharudisha 190,000 yote na chenji juu. Siku 206 zinazobaki, kila asubuhi buku na mia mbili, unalipia kusubiriwa.

Kuna kitu kingine kimejificha. Deni linapungua kila siku, wakati rejesho halipungui. Mwezi wa kumi unadaiwa chini ya nusu ya mtaji, lakini unatoa 1,200 ile ile. Ukiipiga hesabu hiyo kama benki inavyopiga, riba ya mfano wetu inazidi asilimia 16 kwa mwezi. Benki Kuu imeelekeza watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, wasizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa asilimia 3.5, tena ikitozwa juu ya deni zima bila kupunguzwa, riba ya mwaka kwenye 190,000 ingekuwa 79,800, na rejesho la siku lingekuwa kama shilingi 740.

Inakuwaje basi? Fundo liko hapa: je, huu ni mkopo au ni mauzo? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawahusu wanaokopesha. Muuzaji anaweza kusema yeye hajamkopesha mtu fedha, ameuza bidhaa kwa awamu, na kwamba ile 498,000 si 250,000 pamoja na riba bali ni "bei ya awamu". Kwenye karatasi neno riba halipo kabisa. Mfuko wako hauoni tofauti yoyote. Nadhani mjadala wa kitaifa kuhusu kausha damu ungepaswa kufika hapa badala ya kuishia kwa wakopeshaji wa mitaani, maana hizi simu zinashikwa na watu wengi, wengi wao wakiwa vijana wanaokopa kwa mara ya kwanza maishani.

Lakini tuwatendee haki wauzaji. Benki gani ingempa kijana asiye na hati ya kiwanja, asiye na barua ya mwajiri, asiye na mdhamini, mkopo wa laki moja na tisini ndani ya dakika ishirini kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) tu? Hakuna. Kufuli limechukua nafasi ya mdhamini. Hiyo si kazi ndogo, na watu wa kuomba omba udhamini kwa wajomba wanaijua thamani yake. Pamoja na hayo, kufuli halizuii hasara yote: wapo wanaopotelea na simu, zipo zinazovunjika mwezi wa pili na mwenye nayo akaacha kulipa, yupo wakala anayetaka kamisheni, ipo ada ya programu ya kufungia, na muuzaji mwenyewe huenda amekopa. Anayelipa vizuri analipia na wasiolipa. Ninachohoji ni kiwango. Kama kufuli linafanya kazi kama wanavyosema, hatari imepungua, na hatari ikipungua bei nayo ingeshuka.

Serikali nayo ilishajaribu kuigusa bei. Mwaka wa fedha 2021/22 simu janja zilisamehewa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa. Watu wa Mwanjelwa wengi hata hawakujua uliwahi kuwepo. Kwa hiyo bei ya taslimu ikabaki pale pale, na mkopo ukabaki kuwa mlango wa wengi.

Mvua zinaponyesha, rejesho halisubiri

Sasa ile kasoro niliyoitaja. Mkataba wa malipo ya kila siku umeandikwa kwa mtu anayeingiza hela kila siku: bodaboda, muuza chipsi, kinyozi, mama wa mbogamboga wa Soweto hapa Mbeya. Kwa hao, 1,200 ni sehemu ya mzunguko. Wakikosa leo, kesho wanafidia.

Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Wanging'ombe hana hela ya kila siku. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Mavuno ni kati ya Juni na Agosti. Hela inaingia kwa mkupuo, kisha inakuwa adimu mpaka msimu ujao. Kishawishi cha kuchukua simu kinakuja Julai na Agosti, gunia likiwa limeuzwa, mfuko ukiwa mzito, na buku na mia mbili ikionekana si kitu. Kisha inafika Januari: sare za shule, mbolea ya kukuzia, chakula ghalani kinapungua. Desemba hadi Mei ni takribani siku 180, na kwa mfano wetu ni kama shilingi 216,000 zinazodaiwa wakati mkulima hana cha kuuza. Simu inafungwa Februari. Inafunguliwa siku tatu, inafungwa tena. Aliyeichukua simu ili afuatilie bei za viazi na kutumiana picha za mzigo na wanunuzi anabaki gizani mpaka Juni.

Wa chai wa Rungwe na Mufindi, au wa maziwa kule Tukuyu, wana afadhali kwa sababu wengi wao wanalipwa kwa mwezi. Hata hivyo mwezi si siku: wanajikuta wamefungiwa tarehe 25 na kufunguliwa tarehe 2.

Kwa hiyo mkulima anayeutaka mkopo huu aulize mambo mawili kabla ya kutoa NIDA. La kwanza, je, naweza kulipa siku 100 au 150 kwa mkupuo nikiuza mazao? Mifumo mingi inapokea, kwa kuwa malipo yanaongeza tu siku kwenye hesabu ya simu. La pili ni zito zaidi: nikimaliza deni mapema, bei inapungua? Ikiwa jibu ni hapana, kulipa mapema kunakuondolea hofu ya kufuli, ila hakukuokolei hata senti, kwa sababu zile siku 206 za kusubiriwa utazilipa hata kama hukusubiriwa. Zipo kampuni zinazopunguza kwa anayemaliza mapema. Punguzo hilo liwe limeandikwa, kwani la mdomo hulikuti tena wakala akihamishwa.

Kuna njia nyingine ambayo haina bango. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo sheria ile ya 2018 inavitambua kama daraja la nne, viko karibu kila kijiji. Chukulia kikundi kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, kiwango ambacho mjini wangekiita cha kutisha. Ukikopa 190,000 kwa miezi mitatu, riba ni 57,000. Unarudisha 247,000 badala ya 438,000, na simu ni yako tangu siku ya kwanza, umeinunua taslimu kwa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Zaidi ya hapo, kikundi kikivunja mwisho wa mwaka, sehemu ya riba hiyo inarudi kwako na kwa majirani zako. Ubaya wake ni kwamba miezi mitatu ni mifupi, inabidi ukope mwezi wa nne ulipe mwezi wa saba, na ukishindwa kulipa huna kufuli la kulalamikia. Una mwenyekiti wa kikundi mlangoni, mnayesali naye kanisa moja.

Ukishaamua kuchukua ya dukani, soma mkataba ukiwa bado na hela mfukoni. Tafuta jumla kuu kwa tarakimu. Tafuta nani anabeba hasara simu ikiibiwa au kioo kikipasuka, kwa kuwa kawaida deni linaendelea hata kama simu haipo. Tafuta kama jina lako litapelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo kama Creditinfo. Deni la simu ya laki mbili linaweza kukukuta benki miaka mitatu baadaye ukiomba mkopo wa trekta. Tafuta pia lini hasa simu inakuwa yako: siku ya malipo ya mwisho, au siku watakayoondoa programu. Wapo waliomaliza deni na bado programu ikabaki. Mkataba usiosema lini programu itaondolewa unakuacha uombe kwa hisani.

Pa kulalamikia papo, tena si mbali. Anayekopesha bila leseni ni wa Benki Kuu, yenye tawi lake Mbeya. Masharti ya mkataba yanayomkandamiza mnunuzi ni ya Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mambo ya IMEI na mitandao ni ya TCRA, yenye ofisi ya kanda hapa hapa mjini. Taarifa zako kusambazwa ni za Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukipeleka lalamiko la riba TCRA utazungushwa, na si kwa ubaya. Hawana mamlaka hayo. Nenda na mkataba, meseji za malipo na IMEI ya simu yenyewe unayoipata kwa kupiga *#06#.

Limebaki la wale wanaonunua simu zilizotumika, mkono kwa mkono kutoka kwa mtu, pale Kabwe au kwa anayevuka kutoka Nakonde kuja Tunduma. Simu ya mkopo isiyomalizwa inauzwa rahisi, na anayeiuza anajua kwa nini. Ukituma IMEI kwenda 15090 utaambiwa aina ya simu na kama IMEI ni halali; hutaambiwa kama inadaiwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, uone kama imeandikwa kwamba kifaa kinasimamiwa na taasisi fulani. Halafu, kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na aiwashe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Programu ya kampuni ya mkopo ikijitokeza, mrudishie simu yake. Akisema hana bando la kufanyia hivyo, mwashie hotispoti yako.